Korongo Halijafa

Jina la Kifusi alipewa na mama yake, tena kwa hasira. Alikuwa mtoto wa kurudi nyumbani na mawe kwenye pindo la gauni, akiyapanga chini ya kitanda kwa rangi na kwa ukubwa, mpaka siku mama alipojikwaa na karai la maji mkononi akafoka, "We kifusi we, utanivunja mguu!" Nyumba nzima ikacheka na jina likanata. Alipoingia chuo kikuu kusomea miamba, mito na hali ya hewa ya zamani, dada yake mkubwa alisema kama kuna mtu anashangaa, basi mtu huyo hajawahi kufagia chini ya kile kitanda.

Sasa Kifusi alikuwa mtu mzima, mhadhiri msaidizi kwa mkataba, na siku hiyo alikuwa amesimama ndani ya handaki lililompita kimo, kwenye mdomo wa korongo kavu nje ya mji, akikwangua ukuta wa udongo kwa mwiko wa mwashi.

Watu waliliita korongo mfu. Hata wazee hawakukumbuka maji yake kupita vifundo vya miguu. Pale lilipotokea milimani, ardhi ilitandaa kama upepeo wa jikoni, pana, laini kwa macho, yenye mteremko mdogo tu. Hapo ndipo ingejengwa hospitali ya akina mama na watoto. Vigingi vya wapimaji vilishachomekwa, na kitambaa chekundu kwenye kila kigingi kilipepea kama vile sherehe imekwisha kuanza.

Lakini ukuta wa handaki ulikuwa na habari nyingine. Juu kabisa palikuwa na udongo wa kijivu wenye mizizi ya nyasi. Chini yake, mawe: makubwa kama meza, madogo kama punje za kunde, yenye kona kali, yote yamechanganyika na kushikwa na tope lililoganda, kama zege. Mto haufanyi hivyo. Mto una nidhamu yake. Huyaviringisha mawe mpaka yawe mviringo, mazito ukayaacha juu, mepesi ukaenda nayo. Kinachobeba vyote kwa pamoja ni mporomoko wa tope na mawe, unaoshuka mlimani mara moja, mzito kama zege mbichi na wenye mbio kama gari. Na chini ya mawe hayo palikuwa na udongo mweusi wenye mkaa wa majani, halafu mawe tena, halafu udongo, halafu mawe. Korongo lilishuka, likanyamaza mpaka nyasi zikaota na watu wakasahau, kisha likashuka tena.

Vipande vya mkaa alivipeleka maabara kupimwa umri. Majibu yalipokuja aliyalinganisha na tope alilotoa chini ya ziwa lililo upande wa pili wa bonde, ambamo chavua, ile poda ya maua ya miti na nyasi, hulala kwa tabaka na kuonyesha lini nchi ilikuwa ya kijani na lini ilikauka. Akarudia hesabu, kisha akarudia tena, kwa sababu jibu halikumpendeza. Kila mara korongo liliposhuka, ilikuwa baada ya ukame mrefu. Miti ilikufa, moto ukapita, mteremko ukabaki uchi, na mawe yakalegea na kujikusanya korongoni mwaka baada ya mwaka. Kisha ikaja mvua moja kubwa. Ukame haukuliua korongo. Ulilipakia mzigo.

Na nchi ilikuwa kwenye ukame sasa hivi.

Profesa alimpokea vizuri, akammiminia chai mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha kushika mwiko, na ndiye aliyetia saini ripoti ya kiwanja cha hospitali iliyosema kwamba mawe yale ni mabaki ya enzi ya mvua ya maelfu ya miaka iliyopita, na kwamba korongo limemaliza kazi yake.

"Mwanangu, kazi yako ni nzuri," alisema. "Ila hizi tarehe za mkaa tuziache kwanza. Utafiti ujao utaziangalia."

"Utafiti ujao utafanyikia wapi, Profesa? Chini ya wodi?"

Profesa akatabasamu upande mmoja. "Mkaa unaweza kuwa wa mizizi iliyoungua juzijuzi, ikashuka chini. Hilo nilikufundisha mimi."

"Ulinifundisha. Ndiyo maana nikachimba mahandaki matatu yaliyo mbalimbali, na nikapima majani na mbegu, sikupima mizizi. Yote yanasema neno moja."

Profesa akaweka kikombe chini taratibu. "Mkataba wako unakwisha, na mimi ndiye wa kuupendekeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na mkuu asiposikia, anavunjika nini?"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Profesa hakukasirika. Alitazama dirishani, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Jina langu limo kwenye ile ripoti, Kifusi. Kila kitu nilichojenga kimesimama juu ya hilo jina."

Hapo Kifusi akamwona vizuri: mzee aliyeogopa. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

"Basi lifute wewe mwenyewe," alisema, "kabla mawe hayajalifuta."

Akatoka na kichwa juu. Kwenye ngazi alikaa chini pale pale katikati ya wanafunzi wanaopanda na kushuka, akafungua daftari na kuzipitia tarehe za mkaa kwa mara nyingine.

Hata hivyo, mtu aliyemwogopa hasa hakuwa Profesa. Alikuwa dada yake.

Dada alikuwa mkunga mkuu wa zahanati ya mji, yenye vitanda viwili na pazia moja, na hospitali ile ilikuwa yake. Aliidai tangu nywele zake zote zikiwa nyeusi. Alikaa kwenye benchi za ofisi kubwa mpaka makarani wakamzoea kama fanicha. Kifusi alipoingia kwake jioni ile, alimkuta anapiga pasi sare za kazi, na hakuinua macho.

"Nasikia unanivunjia hospitali."

"Siivunji, Dada. Nataka isijengwe pale."

"Kwa wale wakubwa hilo ni jambo lilelile. Ukiwaambia 'pale hapafai' hawatatafuta pengine. Watafunga faili, watasema wenyewe hawataki." Pasi ilipita kwenye kola kwa nguvu. "Juzi kuna mama amenifia njiani. Kichwa chake mapajani mwangu, gari linaruka mashimo. Ananiuliza, 'Tumefika?' Namwambia tumekaribia. Hatukuwa tumekaribia, mdogo wangu. Na wewe unaniletea mawe ya enzi za bibi yake bibi."

"Yatarudi, Dada."

"Lini?"

Kifusi alitamani kusema uongo. "Sijui. Inaweza kuwa msimu huu. Inaweza kuwa sisi sote tumeshakufa."

"Basi wewe hujui. Mimi wangu nawajua. Wanakuja kila siku." Akaigeuza sare. "Chai ipo kwenye chupa. Kunywa uende."

Kifusi hakunywa.

Siku zilizofuata alichimba kama mtu anayegombana na ardhi. Vibarua wawili aliokuwa nao walitaniana kwamba bosi wao anatafuta maiti ya mume. Na kweli kwenye handaki jipya, la nne, lililo karibu kabisa na vigingi, mwiko wake uligota kitu kilichomfanya awaambie wasimame.

Alimtumia dada yake ujumbe mfupi: Njoo uone, kisha unitukane.

Dada alikuja mchana akitoka zamu, bado na sare, viatu mkononi. Alishuka handakini kwa ngazi huku akisema kwamba akianguka atamlaza Kifusi kitandani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaona.

Kwenye udongo mweusi, chini ya tabaka la mwisho la mawe, palikuwa na mafiga. Matatu, yameungua upande wa ndani, na majivu bado katikati. Chungu kilikuwa kimepasuka juu yake, vipande vimekandamizwa na jiwe ambalo watu wanne wasingeliinua.

Dada alichuchumaa. Alipeleka mkono kwenye majivu bila kuyagusa, kama anavyopeleka mkono kwenye paji la mtoto aliyelala.

"Walikuwa wanapika," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini walikaa hapa?"

"Kwa sababu hiihii ya kwetu. Pametandaa, udongo mzuri, na korongo lilikuwa kavu. Bila shaka na wao waliliita mfu."

Dada alipoinuka macho yake yalikuwa makavu, na Kifusi alitambua ile sura: ndiyo huwa nayo akizalisha, mtoto anapokataa kutoka naye anakataa kumwacha.

"Sikia. Sijabadilisha neno hata moja kuhusu hospitali. Inajengwa. Sasa niambie inajengwa wapi."

Kifusi alinyoosha kidole. Upande wa kaskazini, juu ya korongo, kulikuwa na uwanda ulioinuka, kama kibaraza cha mlima. "Pale nilichimba pia. Hakuna mawe ya mporomoko hata moja. Udongo umelala tangu enzi na enzi."

"Pale ndipo wamepanga nyumba ya mapumziko ya wakubwa. Na barabara ya lami wameshaifikisha."

"Najua."

Dada akacheka, kicheko ambacho wauguzi wadogo wakikisikia hutafuta kazi ya kufanya. "Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Kwenye mkutano wao wa kupitisha ujenzi tunavua."

Wakafanya kazi pamoja jioni yote. Kifusi alipaka gundi ya mbao kwenye ukuta wa handaki, upande ulio juu ya mafiga, wakabandika gunia lililofumuliwa, wakapaka tena. Gundi ilipokauka kesho yake walilibandua. Ngozi ya ukuta ikaja nayo: mchanga, mkaa, kokoto, tabaka juu ya tabaka, kama zilivyokaa ardhini. Kifusi alisita kwenye kona, akiogopa kuchana.

"Vuta," Dada alisema. "Hii ni kama plasta kwenye kidonda. Ukisita ndiyo inauma."

Siku ya mkutano ukumbi wa mji ulijaa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa na ratiba, na kwenye ratiba hiyo Kifusi hakuwemo. Alimsifu Profesa, aliyekaa mbele na suti yake ya sikukuu, kisha akauliza kama kuna pingamizi, akajibu mwenyewe, "Naona hakuna," na kushika nyundo yake ya mbao.

"Unaona vibaya," Kifusi alisema.

Alitembea katikati ya viti na gunia begani kama mkeka. Askari mmoja alisogea kumzuia. Dada akamkazia macho tu, akasema, "Wewe nilikuzalishia mkeo. Kaa chini." Ukumbi ukaangua kicheko, askari akakaa.

Kifusi alilitundika gunia kwenye misumari ya ukutani, akaeleza. Hakupamba. Alionyesha udongo uliotulia, mawe yaliyoshuka, udongo, mawe. Akataja ukame. Akataja mafiga na chungu, na hapo waliokaa nyuma wakasimama wapate kuona.

"Binti," Mwenyekiti alisema, "mtaalamu wetu ameshasema korongo limekufa. Wewe ni nani mpaka umpinge mwalimu wako?"

"Mimi ndiye niliyechimba."

"Umetumwa na nani?"

"Na hayo mawe."

"Profesa, tusaidie." Mwenyekiti alimgeukia mzee. "Tunamaliza hapa."

Profesa alisimama. Alilikaribia gunia, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya mstari wa mkaa. Watu walimngoja. Mzee akasema kwa taabu, "Jambo hili linahitaji... linahitaji kuangaliwa," kisha akarudi kwenye kiti chake. Hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Kifusi alijua kwamba asingepata zaidi kutoka kwake, leo wala siku nyingine.

Mwenyekiti aliuona mwanya. "Kama ni hivyo, mradi tunausimamisha. Pesa zirudi. Mlaumuni huyu binti."

"Hazirudi," Dada alisema.

Alisimama juu ya kiti, na sare yake, mikono kiunoni. "Msituchagulie kufa. Kufia njiani hatutaki, na kufunikwa na mawe vitandani hatutaki. Kule juu kuna uwanda, kuna lami, umechimbwa na uko salama. Wakubwa wanataka kupumzika? Waje wapumzike pale kwenye vigingi, kama wanaamini korongo limekufa!"

Kishindo kilichofuata kilizima sauti ya nyundo. Wanawake waliozalia nyuma ya pazia moja walisimama, na waume zao, na mama zao. Mtu alipaza sauti, "Ng'oeni vigingi!" Mwenyekiti aligonga meza mpaka kichwa cha nyundo kikachomoka, kikaviringika chini ya viti, na hakuna aliyemwokotea.

Haikuisha siku ile. Kulikuwa na vikao na vitisho, na gazeti moja likamwita Kifusi adui wa maendeleo. Wanawake walikaa barabarani, kwenye ile lami mpya, kila gari la wakubwa lilipotaka kupanda. Mwishowe vigingi vyekundu vilihamishiwa uwandani. Nyumba ya mapumziko haikutajwa tena. Dada alipimiwa wodi kwa hatua zake mwenyewe, akagombana na mkandarasi juu ya upana wa milango kabla hata msingi haujachimbwa.

Korongo halijashuka mpaka leo. Wapo wanaomdhihaki Kifusi kwa hilo. "Mawe yako yamechelewa basi?" humuuliza. Hujibu kwamba anayaombea yachelewe zaidi.

Mkataba haukupendekezwa. Chumba chake chuoni kilipewa mtu mwingine, na Profesa, walipokutana langoni, alimwamkia kwa adabu kama mtu asiyemfahamu. Hilo lilimuuma kuliko kazi. Alilia kwa Dada, akala, akalala, akaamka akatafuta kazi ya kufundisha sekondari. Siku za mapumziko huwachukua vibarua wake na kwenda kwenye makorongo mengine, maana mji huu unakua na kila mdomo wa korongo una vigingi vyake.

Jumamosi iliyopita mlinzi wa kiwanja kimoja alimsimamisha getini.

"Mama, hapa hakuna ruhusa kuchimba."

Kifusi alishusha sururu begani, akaiegemea, akamtazama bila haraka.

"Sawa, kaka. Mpigie bosi wako umuulize anaogopa nini humo chini. Mimi nasubiri."