Shukrani za Mjomba Idrisa

Asubuhi baada ya uchaguzi, mjomba wangu Idrisa alivaa kanzu iliyopigwa pasi akazunguka kijiji kizima kuwashukuru waliompa kura. Kura ni siri, kwa hiyo alishukuru kila nyumba. Ulikuwa mwaka tisini na tano, na alikuwa amegombea udiwani kwa mara ya kwanza kupitia Chama cha Mavuno. Katika kituo chetu alipata kura thelathini na moja. Nyumba zaidi ya mia mbili zilimwitikia, "Tulikupa, Mzee."

Jirani yetu Bibi Zuhura alimtania kwamba kikapu, alama ya chama chake, kimetoboka: kura zinaingia huku, zinatokea kule. Mjomba alicheka kuliko yeye. Mwaka elfu mbili zikawa kumi na tisa. Akaipiga pasi kanzu.

Kwetu, vijiji vya Nanyamba, mtoto ni wa mjomba. Korosho zake ndizo zilizonisomesha hadi chuo kikuu Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyemwandikia barua ndefu nikimsihi agombee tena mwaka elfu mbili na tano. Alikubali kwa sharti moja.

"Zikipungua chini ya kumi na tisa, Farida, bendera ya chama naishusha. Mgeni halazimishwi kula."

Nikarudi kuwa wakala wake. Siku ya kura nilikaa tangu asubuhi katika darasa lililogeuzwa kituo, nikiwatazama majirani wakichovya vidole ambavyo maganda ya korosho yalikuwa yamekwisha kuviunguza, hata wino hauonekani vizuri. Kila kidole kilinikumbusha kadi ya mpigakura iliyokuwa kwenye pochi yangu. Nilikuwa nimejiandikisha kule chuoni, kwa hiyo hapa sikuwa na kura. Foleni ilikuwa fupi, nami nilidhani nchi ni ile ile popote.

Jioni matokeo yakabandikwa mlangoni. Kumi na nane.

Kesho yake mjomba alishukuru nyumba zote, akamalizia kwa mama yangu. Nilikuwa nimekaa barazani. Akanipa mkono.

"Asante kwa kura yako, mpwa wangu."

Nilitaka kumwambia. Badala yake nikaisikia sauti yangu ikijibu kama walivyojibu wote.

"Nilikupa, mjomba."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuishusha bendera. Aliikunja mara nne, taratibu, kama anavyokunja kanzu yake.

Mwaka jana, daftari la wapigakura lilipofunguliwa tena, nilipanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kuhamisha jina langu. Chama cha Mavuno kilikuwa kimekwisha kufutwa. Nilimkuta mjomba akipalilia mikorosho, nikampa kadi mpya. Aliisogeza mbali na macho, akasoma jina la kituo chetu, akaifuta vumbi kwa upindo wa shati.

Kisha akavua kofia, akanipa mkono.

"Asante kwa kura yako," akasema.

Nikachukua jembe la pili.