Saa Iliyokuwa Ikibisha Hodi

Mtu akikaa peke yake muda mrefu huanza kusikiliza vitu. Wengine husikiliza bomba linalovuja, wengine redio ya jirani. Njuga alisikiliza mkono wake wa kushoto.

Mkononi hapo alivaa saa ya zamani yenye mkanda wa chuma. Mkanda ule ulikuwa wa pingili, kama muwa, na kila pingili ilishikana na mwenzake kwa pini nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Miaka yote aliyonyoa vichwa vya watu, jasho na vumbi la nywele viliingia humo vikasaga. Pini zikalika, matundu yakapanuka, mkanda ukarefuka bila mtu kuuvuta. Alipotembea ulilia chaka-chaka, chaka-chaka. Ndiyo maana watu wakamwita Njuga. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na huko lilikuwa likifanya nini, hata mwenyewe hakujua.

Aliyeanza kumwita hivyo ni mkewe, na saa yenyewe aliinunua mkewe, mnadani, siku ile Njuga alipofungua duka lake la kunyolea. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. "Kinyozi asiye na saa," alimwambia, "wateja watamkalisha mpaka usiku, na mimi nitakula peke yangu." Baadaye mwanamke yule akaugua, macho yakaingia ukungu, akawa wa kitandani. Hapo ndipo saa ilipopata kazi nyingine. Njuga akifika mlangoni hakuhitaji kubisha hodi. Mkanda ulilia, na kabla hajagusa kitasa sauti ilitoka ndani: "Umefika, Njuga."

Mkewe alikuwa amefariki. Njuga bado alikuwa na mazoea ya kuutikisa mkono mlangoni kabla ya kufungua. Hakumwambia mtu. Mtu mzima ana haki ya upumbavu wake, mradi aufanye kimyakimya.

Sasa siku moja dereva wa lori alikuja kunyolewa ndevu. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mwenye shingo nene na mdomo usio na mlango.

"Njuga, hii saa yako inaninong'oneza sikioni. Inasema nini?"

"Inasema utulie, usije ukatoka hapa na sikio moja."

"Kinyozi mzima unavaa kengele kama mbuzi." Mara akaruka kitini. "Lo! Unaninyoa au unaninyofoa?"

Pingili mbili zilikuwa zimebana ndevu zake. Njuga alizinasua, akaomba radhi, akauinua mkono ili mkanda uteremke kuelekea kiwiko kama alivyozoea. Alipoushusha, saa iliteleza ikapita kiganja, maana mkono nao ulikuwa umekonda, ikatumbukia kwenye beseni la maji ya povu.

Aliiopoa haraka kuliko mtu anayeopoa mtoto. Akaiweka sikioni. Ilikuwa inatembea.

Dereva hakucheka. "Mzee wangu," alisema, "leo maji. Kesho saruji."

Neno lile lilimkaa Njuga kooni. Saa ikidondoka kwenye saruji imekwisha, na hana nyingine ya mkewe. Lakini akiupeleka mkanda kwa fundi ukakazwa, hautalia tena. Yaani aipoteze saa, au aipoteze sauti. Alinyoa vichwa vilivyobaki kwa mkono mzito, na mzee mmoja aliondoka na kisogo kilichopinda.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa fundi saa. Fundi huyu alikaa chini ya ngazi za jengo moja, kwenye kibanda ambacho akinyoosha miguu inatoka nje. Aliitwa Jicho, kwa sababu lenzi yake haikumtoka jichoni hata akila. Mara mbili huko nyuma Njuga alishampelekea mkanda ule, na mara zote mbili Jicho alisema "bado". Hakuwa mtu wa kurukia kazi. Kitu cha kale, alisema, ukikigusa kabla ya wakati wake umekiharibu, na ukichelewa umekizika. Kuna kulegea na kuna kuchakaa. Kulegea mtu huvumilia. Kuchakaa ni chuma kula chuma.

Safari hii aliishika saa ubavuni, akauacha mkanda uelee hewani.

"Unaona? Mkanda mzima hukaa kama rula. Wako umelala kama mkia wa mbwa aliyenyeshewa."

"Kwa hiyo ndio wakati?"

"Sijui. Niachie niutazame, urudi jioni."

"Ukiukaza, utalia?"

"Nani atalia?"

"Mkanda."

Jicho aliinua uso. Lenzi ilimfanya aonekane kama samaki anayeshangaa. "Mkanda ukilia unaumwa, Njuga. Nikiutibu, kimya."

"Basi tazama tu. Usitengeneze kitu mpaka nikwambie."

"Nimekusikia, bwana. Nenda kanyoe."

Siku ile dukani ilikuwa ndefu. Kila alipoinua mkono aliusikia ukiwa mwepesi, kama umekatwa. Mchana binti yake, aliyeolewa mji wa mbali, alipiga simu kama kawaida yake, huku akifokea watoto pembeni. Njuga akamweleza habari ya saa.

"Baba, saa gani hiyo ya kukuhangaisha? Nikutumie nyingine. Za siku hizi nzuri, nyepesi, hazina kelele."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa hazina kelele."

"Umekula, Baba?"

"Nimekula," alisema. Alikuwa hajala.

Jioni alipofika kibandani, Jicho alikuwa na furaha ya mtu mwenye habari.

"Njuga! Wewe humo ulikuwa na godoro zima!"

"Humo wapi?"

"Mkandani! Nimeuosha kwa petroli na mswaki, zikatoka nywele hizo, zikatoka! Za mji mzima. Fupi fupi kama unga. Na mmoja mrefu, bwana, mrefu kama uzi, umejizungusha kwenye pini. Nimeuvuta kwa kibanio, hauishi. Nikasema, he, huyu mzee ananyoa wanaume tu, huu wa nani? Una mambo, eeh?"

Njuga alishika ukingo wa meza. "Nilikwambia utazame tu."

"Sasa nitatazama uchafu? Mgonjwa huvuliwa shati ndipo apimwe. Sijatengeneza kitu, nimeosha."

"Ulikuwa wa rangi gani?"

"Nini?"

"Unywele."

Jicho aliacha kutabasamu. "Upande mmoja mweusi. Upande mwingine mweupe."

Mkewe alipaka nywele rangi nyeusi maisha yake yote, na aliyethubutu kumtajia mvi alimjua. Alipokuwa wa kitandani rangi haikupakwa tena, nywele zikaanza kuota na ukweli wao. Siku moja akasema zinamchosha kichwa, azikate. Njuga alimkalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamfunga shuka la dukani, akamnyoa taratibu kama anayemenya yai, saa ikiwa mkononi. Walicheka. Mkewe aliuliza kama kuna bei ya wastaafu. Nywele zilizoanguka Njuga alizifagia mwenyewe akazitupa. Kwake nywele sakafuni zilikuwa taka tu, kama kwa kinyozi yeyote.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Nini tena?"

"Usinifanye nirudie."

Jicho alionyesha kwa kidevu. Mbele ya kibanda, pale alipomwaga petroli chafu kila siku ili vumbi litulie, palikuwa na doa jeusi. Lilishakauka. Mwanamke mmoja alipita juu yake na kapu lake, wakapita wanafunzi, akapita mtu na baiskeli.

Njuga alitazama lile doa kwa muda. Hakuinama. Angeinama kuokota nini?

"Ungeniambia," Jicho alisema chinichini.

"Ningekwambia nini? Mimi mwenyewe sikujua umo."

Fundi alivua lenzi. Njuga hakuwahi kumwona bila lenzi. Jicho lile lilikuwa dogo, limezungukwa na alama kama ya pete. Alifunua kitambaa mezani. Mkanda ulilala pale, safi, unang'aa kama si wake. Aliuinua akautikisa. Ulilia kuliko zamani, kwa sauti tupu, ya makopo.

"Uchafu ulikuwa unaujaza," alisema. "Sasa ndio unauona ulivyo. Na tazama hapa, pingili ya tatu kutoka kwenye kifungo. Hii pini imekatika katikati. Si leo wala jana, maana imeota kutu pale ilipokatika. Ilitakiwa itoke, nusu huku nusu kule, saa idondoke zamani sana. Nimekaa mchana wote najiuliza ilishikwa na nini." Akasita. "Ni ule unywele, Njuga. Ulijizungusha humo na mafuta na vumbi, ukakaza kama uzi wa fundi cherehani. Sina jibu lingine."

Njuga aliichukua ile nusu ya pini, akaiweka kiganjani. Ndogo, kama punje ya wali iliyoungua.

"Kwa hiyo ndio wakati," alisema.

"Ndio wakati. Kila tundu naliingizia kibomba chembamba, na pini mpya ndani yake. Lakini ukitaka..." Jicho alikuna shingo. Alikuwa anatafuta namna ya kulipa asichoweza kulipa. "Ukitaka nakuachia pingili moja bila kuigusa. Italia kidogo."

"Ukiiacha moja, si itakatikia hapo hapo?"

"Itakatikia hapo hapo."

"Basi tengeneza zote. Aliyekuwa ameishika kashaachia."

Aliifuata saa mwisho wa wiki. Jicho alikataa malipo, wakabishana, Njuga akatupa noti mezani na kuondoka. Mkanda ulimkaa vizuri, maana fundi aliupunguza pingili moja kuufuatisha mkono uliokonda. Ulinyooka kama rula. Njiani aliutikisa mara kadhaa. Hakuna kitu. Alisikia viatu vyake, ambavyo hakuwahi kujua kwamba vinaburuza.

Alikokaa ni nyumba ya vyumba vya kupanga, vilivyotengwa kwa mbao, geti moja. Chumba cha pili aliishi Mama Pacha, mwanamke mwenye watoto wawili waliofanana na sauti moja iliyowatosha wote. Tangu msiba, Njuga na yeye walisalimiana kwa shingo tu. Njuga alikuwa amechoka kupewa pole, na Mama Pacha alikuwa ameliona hilo akamwacha.

Jua lilikuwa linazama alipofika mlangoni. Mkono ukainuka wenyewe, ukatikisika. Kimya. Akasimama pale na funguo, mzee wa watu, asijue mtu huingiaje nyumbani kwake. Halafu, bila kufikiri, akasema:

"Hodi."

"Nani huyo?" sauti ikalipuka ukutani.

"Mimi."

"Mimi ndiye nani? Kila mtu ni mimi!"

"Njuga."

Mama Pacha alitokeza na mwiko mkononi, ameushika kama rungu, pacha mmoja akichungulia nyuma ya kanga yake. "Unabisha hodi kwako?" Akamtazama juu mpaka chini. "Mbona siku hizi siisikii saa? Nilidhani mwizi. Mimi huwa nasikia chaka-chaka, nasema haya, mzee kafika salama, naenda kufunga geti. Wiki hii nasubiri, nasubiri, geti liko wazi, wali unaungua."

"Kila siku unasikia?"

"Na ukuta huu wa mbao? Kwani nina pamba masikioni?"

Njuga aliutazama mkono wake. "Imetengenezwa."

"Aa." Mwiko ulishuka. "Hongera. Sasa tutajuaje kama umefika?"

Njuga alizungusha ufunguo. Alifungua mlango akaingia. Kiti kilikuwa pale pale karibu na dirisha, kitanda kimetandikwa upande mmoja tu uliotumika. Aliketi bila kuwasha taa. Geti lilifungwa kwa kishindo, na upande wa pili mwiko ulikwangua sufuria.

Kesho yake jioni alifika, akasimama mlangoni, akaingiza ufunguo. Akakohoa. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, kama mtu anayejaribu kiatu kipya:

"Nimefika."

Chumbani mwake hakuna aliyejibu. Alisubiri hapo hapo, mkono kwenye kitasa.

"Haya," ukuta ukasema.