Stafeli la Mwisho la Wifi

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa chaki aliiacha miaka kumi na mmoja iliyopita. Jumamosi hiyo alitoka kwake saa nne asubuhi na kikapu, ndani yake stafeli moja limefungwa taulo kama mtoto mchanga, akatembea pembeni kabisa mwa barabara asije akagongwa na mtu. Alikuwa anakwenda kwenye duka la aiskrimu la Baba Pacha. Njia nzima hakuna aliyemwambia kwamba anajikokota, na hilo ndilo lililomuuma.

Maana alizoea kwenda na wifi yake. Jamani, wale wawili! Wifi, dada wa marehemu mumewe, alihamia kwake wiki ya msiba, eti amliwaze siku mbili tatu, akakaa miaka kumi na tisa. Na miaka yote hiyo walikuwa paka na panya. Mara chumvi imezidi, mara dirisha limeachwa wazi, mara redio inapiga kelele. Majirani walidhani hawapendani. Majirani nao, wanajua nini?

Wifi ndiye aliyepanda mstafeli nyuma ya jiko. Matunda yakikomaa aliyachuma mwenyewe, akayavundika mwenyewe, na yakiwa tayari akayapeleka dukani. Duka lile lina utaratibu wake. Embe, nanasi na pasheni wananunua sokoni kama watu wote, lakini ukiwaletea tunda la mti wako wanakugandishia peke yako, hawachanganyi na la mwingine, na juu ya kopo Baba Pacha anaandika jina lako kwa herufi kubwa. Mwalimu akijaribu kusaidia hata kubeba, Wifi alikuja juu: "Weka chini! Mkono huo umezoea chaki, utanibonyezea tunda langu."

Wifi alifariki mwezi uliopita. Presha, asubuhi tu, chai ikiwa bado mezani.

Siku tisa kabla ya Jumamosi hiyo, fundi bomba alikuja kusema mizizi ya mstafeli imepasua bomba la maji machafu. Fundi huyohuyo Wifi alishamfukuza mara tatu kwa ufagio. Mwalimu hakuwa na nguvu za ufagio. Alisema tu, "Haya, kata," akaingia ndani akafunga mlango asisikie shoka. Mti ulipolala chini ulikutwa na tunda moja, limekomaa lakini gumu bado. Fundi akalifuta vumbi akampa.

Basi tangu hapo Mwalimu alitaka jambo moja tu: kopo moja la mwisho la stafeli la Wifi. Angekula kijiko kimoja kila Jumamosi, kidogokidogo, ladha ile isimwishie haraka. Aliogopa tunda lisije likaoza kabla hajalifikisha dukani. Akalifunga taulo, akaliweka chini kabisa kwenye friji, na kila asubuhi alilifunua akalitazama. Ganda lilipoanza kuwa jeusi alifurahi, akajua linaiva.

Duka ni chumba kimoja tu, jiko nyuma, meza tatu mbele, na friza mbili zinazonguruma mchana kutwa. Mama Pacha alikuwa anakamua pasheni kwenye chujio, mikono ya njano mpaka kwenye viwiko. Baba Pacha alipomwona mgeni alijifuta kwenye aproni akasimama wima. Mwalimu alimfundisha darasa la tatu, na hofu ya mwalimu haimtoki mtu hivihivi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea kazi. La Wifi hilo, la mwisho."

Baba Pacha alilipokea kwa mikono miwili. Akalibonyeza. Akalibonyeza upande wa pili, polepole, uso ukibadilika.

"Mwalimu, hili ulilivundika wapi?"

"Kulivundika? Nililiweka kwenye friji siku tisa, lisioze."

Mume na mke wakatazamana. Baba Pacha alichukua kisu akalipasua. Ndani lilikuwa na mabaka ya kahawia, na palipobaki peupe pamekauka, pagumu kama kiazi kibichi. Mama Pacha alionja kipande kwa ncha ya ulimi, akakirudisha kwenye sahani.

"Stafeli likiwa gumu halitaki baridi, mama," alisema taratibu. "Linafukiwa kwanza kwenye mchele au unga, mpaka lilainike. Likipigwa na baridi kabla ya hapo, ndiyo basi, haliivi tena."

"Hata ukilitoa?"

"Hata ukilitoa."

"Tia sukari."

"Haitasaidia, mama."

"Tia maziwa basi! Wewe saga, gandisha, mimi ndiye nitakayekula."

"Mwalimu," alisema Baba Pacha, "nikigandisha kitu hiki nikaandika jina la Wifi juu yake, nitakuwa nimemkosea heshima. Pole sana. Hata mimi ningeweza kukosea hivyo."

"Pole, mama," akadakia Mama Pacha. "Tunayo mastafeli ya sokoni, mazuri tu. Tukutengenezee, zawadi yetu?"

Loo! Mwalimu alipiga meza mpaka vijiko vikaruka.

"Acheni pole zenu! Tangu mazishi nalishwa pole, asubuhi pole, jioni pole. Nimeukata mti wa watu, nimeliharibu tunda la watu, halafu mnanipa pole? Wifi angekuwepo angenisema kuanzia sasa mpaka magharibi, na kesho angeamka akaendelea! Nisemeni na ninyi. Wewe, simama hapo unigombeze!"

Baba Pacha alimtazama mkewe, mkewe akatazama pasheni zake. Kumgombeza Mwalimu! Afadhali angeambiwa azibebe friza zote mbili kichwani. Lakini alimwona yule mama macho yamemtoka, anasubiri kwa dhati kabisa kama mtu anayesubiri dawa. Akaweka mikono nyuma.

"Mwalimu," alianza, sauti ikimpasukia, "si wewe uliyekuwa ukituambia darasani kwamba kuuliza si ujinga? Ulikuwa na siku tisa nzima. Sasa kwa nini hukuuliza?"

Hapo alikuwa amempata barabara. Mwalimu alivuta pumzi amjibu kwa ukali, kama alivyokuwa akijibu kila siku kwa miaka kumi na tisa, na jibu lilipofika mdomoni halikuwa na ukali wowote.

"Nimuulize nani, mwanangu?" alisema. "Mle ndani nimebaki peke yangu. Nimuulize nani?"