Kidonge cha Kinyozi

Mimi ni kinyozi, na kinyozi anaishi kwa kuaminiwa shingo za watu. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mmoja nimeificha dawa yangu ya skizofrenia ndani ya kijaluba cha nyembe. Sauti zilinyamaza zamani, lakini nani atamkabidhi koo lake mtu aliyewahi kugombana na ukuta? Ajuaye ni dada yangu tu. Mdomo ameutia kufuli, ila vidole vyake vinafinya.

Kisha ikaja saratani ya utumbo. Siku ya dripu yangu ya kwanza ya dawa ya saratani hospitalini, kiti cha jirani namkuta nani? Mwalimu mkuu, mteja wangu wa kila Ijumaa, aliyetoweka miezi mitatu. Kipara kinameta.

"Kinyozi! Kumbe na wewe umejiunga na darasa hili?"

Nesi akapita na trei, akatugawia kidonge kimoja kimoja. "Cha kuzuia kutapika. Kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?"

"Hakuna," nikasema.

Dada, aliyenisindikiza, akanifinya paja. Nikakitazama kidonge. Kilikuwa kilekile cha kwenye kijaluba, na asubuhi nilishameza kimoja.

Niliogopa, nisiseme uongo. Nikimeza, sijui kitanifanya nini. Nikisema, kwaheri wateja.

"Hiki ninacho," nikasema. "Nakunywa kila siku. Nina skizofrenia."

Nesi hakushtuka hata kidogo. "Afadhali umesema. Dawa ni hiyohiyo, hutuliza sauti na hutuliza kichefuchefu pia. Viwili vingekulaza kama gogo. Hiki kirudishe, ila cha nyumbani usikiache. Nawapigia madaktari wako wote wawili waongee."

Akaenda zake. Mwalimu alikuwa bado anakigeuzageuza kidonge chake kiganjani.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho, Mwalimu."

"Na miaka yote hiyo wembe uko shingoni mwangu?"

"Miaka yote."

Akakitupa mdomoni, akashushia maji. "Basi kinafanya kazi. Hujanikwaruza hata siku moja. Ijumaa nije saa ngapi?"

"Uje kunyoa nini, na wewe huna hata unywele?"

Akainua kidevu, akaniachia koo lote. "Angalia vizuri. Zimebaki ndevu tatu hapa."

Nikainama kutazama, machozi yakinilengalenga. Hapakuwa na hata udevu mmoja.

"Njoo saa nne," nikamwambia.