Bega la Kushoto

Kwa maneno ya jirani muuza mkaa, ambaye ulimi wake hauna kizibo, Mshazari alilivaa kwa siri gauni la harusi la mdogo wake, akazunguka nalo mbele ya kioo mara tatu, akalinong'oneza, na ndiyo maana gauni likamkataa mwenyewe. Ati aliona kwa macho yake. Asichosema ni kwamba dirisha la fundi lina pazia.

Kuvaa, alivaa. Ila si kwa siri. Sanamu ya fundi ya kupimia nguo ilivunjika mguu, na bibi harusi hakuwa na nafasi ya kuja kupimwa kila siku. Fundi akamtazama Mshazari, msichana wake wa kupiga pasi: urefu ule ule, kiuno kile kile, si ni tumbo moja? "Panda kwenye kigoda," akasema. Siku nne Mshazari alisimama pale juu, fundi akimzunguka na pini mdomoni.

Jina hilo alibandikwa na shangazi yake tangu utotoni. Bega lake la kushoto limeshuka vidole viwili, na shingo yake ndefu imeinama kulifuata, kama inayosikiliza. "Huyu wetu alikatwa mshazari," shangazi alizoea kuwaambia wageni, nao wakacheka midomo imejaa chakula.

Siku ya nne wateja wawili waliingia, wakasimama mlangoni, wakasahau walichofuata. Fundi akatoa pini mdomoni.

"Bega hili lingekuwa sawa, mwanangu, hiki kingekuwa kitambaa tu. Umependeza mpaka inaniudhi."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Alishuka kigodani.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Fundi alilishona bega kama alivyoliona, akasahau kwamba gauni si la huyu.

Sasa harusi ni kesho, familia imekuja kwa fundi, na gauni limemshuka mdogo mtu upande mmoja kama nguo ya kuazima.

"Ulijua, dada," alisema, machozi yakimlenga. "Ulitaka na mimi nichekwe kama wewe."

"Mimi nilisimama tu."

"Ulisimama!" shangazi akadakia. "Bega kama mlango ulioachia bawaba, halafu unajishindanisha na bibi harusi? Jirani ametueleza yote. Kesho nisikuone ukumbini. Kama ni kuloga, kaloge pasi yako."

Kwenye benchi wateja watatu walitega masikio. Mama yake Mshazari alikuwa ameinama, anaokota sakafuni vipande vya uzi ambavyo hakuna aliyemtuma aviokote.

"Mama?"

Mama aliendelea kuokota.

Mshazari akamgeukia fundi. "Fundi, waambie. Waambie ulilipimia mwilini mwangu, wewe mwenyewe, mchana kweupe. Halafu waambie na lile uliloniambia siku ya nne."

Fundi aliwatupia jicho wateja wale watatu. Aliyeharibu gauni la harusi habaki na benchi lenye watu. Akalishika gauni begani, akavuta kopo la pini, akaanza kuzibana mdomoni, moja moja, mpaka midomo ikafungika kabisa.

"Fundi," Mshazari alisema tena. "Waambie basi."