Eksileta ya Mkono wa Kushoto

Msumeno wa meza ulimkata Randa kidole gumba cha mkono wa kulia Jumatatu asubuhi, akipasua mbao za kabati la jikoni. Alikuwa seremala wa miaka ishirini na mitatu, na jina la Randa alipewa na wateja, maana ubao ukipita mikononi mwake ulitoka laini kama kitambaa. Hospitali walimshona, wakamfunga bandeji, wakamwambia ashukuru vidole vinne vimebaki. Alishukuru. Ila pale kitandani hakuwa akiwaza kabati wala msumeno. Alikuwa akiwaza kwadi yake.

Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne, na ya Randa ilikuwa ya michezo: nyepesi, ya kiti kimoja, yenye injini ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kulia kama nyuki waliochokozwa. Aliinunua ikiwa mkweche, akaifufua mwenyewe, na kila mwaka aliifungua silinda akabadilisha pistoni na ringi kabla hazijaanza kugonga. Jumapili alipanda nayo njia za mlimani na chama cha waendeshaji, watu kumi na wanne, mwenyekiti wao akiwa kaka yake wa kuzaliwa. Sasa, kwenye pikipiki ya kawaida mafuta huvutwa kwa kuzungusha mshikio. Kwenye kwadi huvutwa kwa kusukuma kikono kidogo kwa kidole gumba cha kulia. Kile kile.

Kaka yake alifika hospitali siku ya tatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakohoa.

"Mdogo wangu, nimekupatia mteja wa kwadi."

"Nani kakwambia inauzwa?"

"Sasa utaiendesha na nini?"

"Na petroli na oili. Kama siku zote."

Kaka hakucheka. Alimpenda dada yake, hilo halina ubishi, lakini ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, na mazoea ya kumwamulia hayakuwahi kumtoka. Aliondoka bila kuaga vizuri. Wiki mbili baadaye chama kilipitisha sheria mpya: mwanachama aliyepata ulemavu wowote apande Koromeo mbele ya wenzake, kwa mkupuo mmoja, bila kusimama wala kuanguka. Akishindwa, hatembei tena na chama. Koromeo ulikuwa mfereji mkavu wa mawe, mwembamba, wenye kona mbili kali, na hata wenye vidole kumi uliwameza.

"Ni sheria ya wote," kaka alimwambia kwenye simu. "Usione nimekulenga wewe."

"Hesabu kaka, wangapi kati yenu hawana kidole gumba."

Kaka akaanza kumsomea sheria upya, neno kwa neno.

"Nitapanda," Randa akasema, akakata simu.

Kidonda kilipokauka, aliisukuma kwadi mpaka katikati ya karakana, akaondoa meza ya kazi, akaanza. Kwanza aling'oa kile kikono cha eksileta akafunga mshikio wa kuzungusha, wa pikipiki ya kawaida. Kwenye uwanja tambarare ulikwenda vizuri, akaanza kujisifu. Lakini alipoingia kwenye njia ya mashimo, kila tuta lilimrusha, na mwili uliporudi nyuma mkono nao ukazungusha mafuta bila kuombwa. Kiganja kisicho na gumba hakikuweza kuuzuia. Kwadi ilimchomoka, ikaingia kichakani peke yake ikiunguruma. Randa alikaa chini akiitazama, akaelewa kwa nini waliozitengeneza walichagua kidole gumba.

"Basi kidole gumba nitawapa," alimwambia mumewe jioni ile. "Ninacho kingine."

Mume wake alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache. Alikuwa akipaka gundi soli ya buti, misumari midogo ameing'ata mdomoni, hakuinua kichwa.

"Mkono wa kushoto si ndio wa klachi?"

"Vidole vinne vitashika klachi. Gumba litasukuma mafuta."

"Vyote viwili mkono mmoja."

"Wewe unashona huku umeng'ata misumari mdomoni na unanijibu."

Aliinua kichwa, akatoa misumari mdomoni. "Kweli," akasema, akairudisha.

Kazi ya kuhamisha eksileta ilionekana ya nusu saa, ikala wiki tatu. Waya wa zamani haukufika. Alitafuta mrefu zaidi, akaupitisha mbele ya usukani, akawasha, akafurahi, kisha akakata kona kali kuelekea kulia. Usukani ulipogeuka waya ulikazika, injini ikanguruma yenyewe, na kwadi ikapanda rundo la mbao za mteja. Randa alishuka, akazima, akahesabu mbao zilizovunjika. Safari ya pili aliupitisha waya nyuma, chini ya tangi, akaacha ulegevu wa kutosha, akageuza usukani pande zote mara hamsini kabla ya kuamini. Akafunga pia kamba ya kuzimia injini kwenye kifundo cha mkono, ili akianguka, mashine ife papo hapo.

Ikabaki tabia ya injini yenyewe. Hizi za mipigo miwili hulala, hulala, halafu huamka ghafla na kukupokonya usukani. Gumba la kulia lilizoea mchezo huo kwa miaka mingi. La kushoto lilikuwa geni kama mtoto wa chekechea. Randa akaenda kwa mkereza vyuma wa mtaa wa pili, akamwomba bangili nzito ya chuma ya kufunga kwenye flaiwili, gurudumu linalozunguka pembeni ya injini, ili nguvu zije taratibu na injini isizime kwenye mwendo wa kobe.

"Utaipunguzia ukali," mkereza akamwonya.

"Siipeleki harusini. Nataka ipande mawe."

Alibadilisha na spoketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, akaweka yenye jino moja pungufu, kwadi ikapoteza mbio na kupata kifua. Akafungua kabureta, akajaribu jeti tatu tofauti, vile vitundu vinavyopima petroli, kila mara akichomoa plagi na kuitazama rangi: nyeupe, injini inaungua; nyeusi, inazidiwa na mafuta. Ya tatu plagi ilitoka kahawia safi. Siku hiyo aliingia ndani na mikono yake michafu akala akitabasamu peke yake.

Mume wake alimwekea kitu kando ya sahani. Glavu ya ngozi ya mkono wa kulia, yenye kiganja cha mpira wa soli na kigingi kifupi kigumu palipokuwa na gumba, cha kukumbatia mshikio.

"Mimi sitaki uende," akasema. "Lakini ukienda, usiende mikono mitupu."

Jumapili ya mtihani wote kumi na watatu walisimama juu ya Koromeo, kwadi zao zimezimwa. Kaka alishika daftari. Randa aliwasha kwa kiki moja, akaingia kwa gia ya kwanza, gumba la kushoto likisukuma polepole. Kona ya kwanza akaipita. Injini ilivuta bila kuruka, mawe yakitawanyika nyuma. Kona ya pili gurudumu la mbele lilipanda jiwe lililolegea, kwadi ikainuka ubavu mmoja, akaangushwa. Kamba ikazima injini. Bega likamwaka moto.

Kaka aliandika kitu daftarini. "Imetosha," akaita kutoka juu. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Ilikuwa ya mtu aliyeshikwa na hofu. "Njoo kwa miguu, tutaishusha."

Randa aliiegemeza kwadi kwa bega zima, akaisukuma mpaka ikasimama kwa magurudumu yote. Mwanachama mmoja akaanza kushuka kumsaidia.

"Baki huko huko," akamwambia.

Aliirudisha kinyumenyume mpaka chini kabisa. Akarudisha kamba mahali pake, akapiga kiki. Haikuwaka. Akapiga mara nne, mara ya tano ikashika. Kisha akapanda. Safari hii kwenye kona ya pili aliinuka kitini, akaegemea ndani, akalipita lile jiwe kwa upana wa kiganja, akatokea juu katikati ya wenzake, uso umejaa vumbi.

Kaka alilifunga daftari.

"Umepanda. Lakini sheria ilisema mkupuo mmoja."

"Basi niandike nimeshindwa. Na chini yake andika kwamba nilifika."

"Randa, mimi naogopa kukuzika."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema wazi. Randa aliivua glavu, akamshika kaka yake shavu kwa mkono ule wenye kovu.

"Najua, kaka. Naogopa na mimi. Lakini woga wako usinifanyie kazi ya kufuli."

Akaivaa glavu, akashuka upande wa pili wa mlima peke yake.

Miezi miwili alitembea bila chama. Alijichongea njia mpya kupitia machimbo ya mawe yaliyoachwa, akapanga vijiti vyenye vitambaa vyekundu kwenye kona. Kaka hakumpigia simu, naye hakupiga. Kisha Alhamisi moja kaka alisimama mlangoni mwa karakana, kofia mkononi.

"Wameifuta sheria," akasema. "Tulipiga kura."

"Wewe ulipigaje?"

"Niliifuta." Akatazama sakafu. "Wanaomba urudi."

Randa aliendelea kupiga msasa mguu wa kiti.

"Mimi nina njia yangu sasa. Jumapili naondoka saa moja asubuhi. Anayetaka aje na anifuate nyuma, hata mwenyekiti."

"Nitakuja."

"Usichelewe. Simngojei mtu."