Sarafu Mgongoni mwa Mkono

Pasaka ile ya 1991, Madamu Spéciose aliketi benchi la nyuma kama mgeni, katika kanisa lilelile la Kabeza alilolipigia piano miaka kumi na mmoja. Kiti chake sasa alikikalia Nahimana. Nahimana jamani! Yule aliyekuja kwake kujifunza, akawekewa sarafu mgongoni mwa mkono ili mkono utulie anapopiga gamu ya do, noti nane tu, kupanda na kushuka. Sarafu ilianguka mara tisa, naye akanuna.

"Madamu, hii mambo iko ya watoto. Mimi nataka nyimbo."

Wiki ya tatu hakuonekana tena.

Kisha shemeji yake akamletea kinanda cha umeme kutoka Brussels, chenye kitufe cha kupandisha na kushusha noti zote kwa pamoja. Kwaya ikiimba juu, bwana mkubwa anabonyeza kitufe, vidole vinabaki palepale kwenye do, kwenye funguo nyeupe. Nyeusi alidhani ni mapambo! Na padri naye akababaika. Eti kijana anakwenda na wakati, mama apumzike. Spéciose hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kile kiti. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaacha kulia, akaanza kudharau, na dharau ikamkaa vizuri zaidi.

Kwaya ikasimama. Mwezi mzima walikuwa wamefanya mazoezi ya Aleluya yao katika mi bemoli, juu ya do, ambako funguo nyeusi hazikwepeki. Nahimana akaweka tai sawa, akawatupia jicho akina dada wa sauti ya kwanza, akanyoosha vidole. Umeme ukakatika.

"Si kitu," padri akamwambia. "Piano ile pale."

Nahimana akaisogelea piano kuukuu iliyoachwa na masista. Akaipapasa kulia, akaipapasa kushoto, akainama hadi chini. Lo! Alikuwa anatafuta kitufe. Kijasho chembamba kikamtoka. Mwishowe akaanza kwenye do yake ileile. Kwaya ikaingia juu ilivyozoea, ikasita, ikateremka kumfuata. Wanaume wa besi wakaishiwa sauti, wakabaki kukoroma. Akina mama wakaziba midomo kwa vitenge. Macho ya padri yakamtafuta Spéciose.

Akainuka bila haraka. Wangoje, si walimwona amepitwa na wakati!

"Sogea," akamwambia Nahimana, akapiga. Mi bemoli, na bemoli zake zote tatu. Kwaya ikapanda naye, na Spéciose hakujali kwamba machozi yanamtoka.

Baada ya misa padri alikuja mwenyewe, kichwa chini, akamwomba arudi kwenye kiti chake. Nahimana alikuwa amesimama pembeni, shati limemganda mgongoni.

"Madamu, unionyeshe tu ile Aleluya."

"Aleluya? Wewe?" Spéciose akamcheka waziwazi. Akafungua mkoba, akatoa sarafu ileile. "Lete mkono."

Nahimana akaunyoosha juu ya piano, kwaya nzima ikitazama. Kabla hajagusa ufunguo hata mmoja, sarafu ilikuwa sakafuni.